Nimeokoka lakini naambiwa bado nimebeba "jina la laana", nipime vipi bila kumkosea Roho Mtakatifu?

Binti_Sayuni:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni mnisaidie kwa upole maana hili jambo linaninyima usingizi. Mimi nimeokoka muda mrefu, nimebatizwa, nasali kanisani kwetu kama kawaida. Sasa kuna mtumishi mmoja nilikua nafuatilia maombi yake ya usiku onlaini, baadae nikaungwa kwenye grupu lake la WhatsApp, na niseme ukweli mwanzoni mafundisho yalikua mazuri tu, maombi, kufunga, kusoma Neno, nilibarikiwa. Juzi kati akanipigia yeye mwenyewe. Akanitajia jina la mama yangu na ugonjwa unaomsumbua, vitu ambavyo sikuwahi kumwambia, alafu akasema Mungu kamuonyesha kwamba jina nililopewa na bibi limebeba agano la ukoo na hata wokovu wangu "haujakamilika" mpaka hilo agano livunjwe. Kulivunja kunatakiwa sadaka ya ukombozi (kiwango anakitaja yeye), mafuta aliyoyaombea, na niache hilo jina nipokee jina la kiroho atakalonipa. Na nisimwambie mume wangu wala mchungaji wangu kwa sababu hawana macho ya rohoni.

Kinachoniumiza zaidi sio hata hela. Tangu siku ile nikipiga magoti nasikia kama naomba kwa Mungu wa watu wengine. Nilizoea kusema Baba na moyo unatulia, sasa hivi nikisema Baba kuna kitu ndani kinaniuliza una uhakika gani wewe ni wa kwake?

Naomba kujua, nikimpima huyu mtumishi nakua nimemkufuru Roho? Na kama sio wa Mungu, alijuaje ya mama?

---

Mzee_wa_Beroya:

Binti yangu, Bwana akutie nguvu. Nianze na hapo mwisho uliposema moyo unakuuliza una uhakika gani wewe ni wa kwake, maana hayo mengine yote, jina, mafuta, sadaka, ni matawi tu, mzizi ni hilo swali, na hilo swali sio geni.

Fungua Mathayo 3 na 4 uzisome kwa pamoja bila kusimama kwenye namba ya sura. Yesu anatoka majini, mbingu zinafunguka, Baba anasema "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Hajafanya muujiza hata mmoja bado kwa habari ya Mathayo, hajahubiri, hajaponya, na tayari Baba amependezwa naye. Alafu anapelekwa nyikani, na neno la kwanza kabisa la mjaribu ni nini? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu." Hakuanza na dhambi ya wizi wala uzinzi. Alianza na kile Baba alichotoka kukisema, akataka kionekane hakijatosha, kinahitaji kitu juu yake ili kithibitike, mawe yawe mikate, jirushe toka juu ya hekalu. Na ukirudi nyuma hadi Mwanzo 3 utaona ni ile ile, nyoka anamwambia Hawa mtakuwa kama Mungu, wakati sura ya 1 imeshasema wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Anawauzia walichokwisha kupewa.

Sasa linganisha na simu uliyopigiwa. Neno limesema "mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya" (2 Kor 5:17), mtu anakuja anasema bado, haujakamilika, kuna hatua moja imebaki na funguo ninayo mimi. Hilo ndilo walilofanyiwa Wagalatia. Waliamini, wakampokea Roho, wakaja watu wacha Mungu kwa nje wanaonukuu Maandiko wanawaambia ninyi bado sio wana kamili wa Ibrahimu mpaka mtahiriwe. Kanisa lilikaa kikao Yerusalemu kwa ajili ya jambo hilo, Matendo 15, kama mwaka 49 hivi, na waliamua watu wa Mataifa wasitwikwe nira hiyo. Na Paulo anawaambia Wagalatia hata "malaika wa mbinguni" akileta injili tofauti na ile waliyohubiriwa, alaaniwe. Angalia anavyojihesabu na yeye mwenyewe, anasema "ijapokuwa sisi". Yaani hata mimi Paulo nikija na injili nyingine msinisikilize! Mtumishi wa kweli anakupa ruhusa ya kumpima na yeye.

Wakolosai nao waliambiwa kuna mambo ya malaika, kuna maono, kuna msishike msionje msiguse, na jibu la Paulo ni mstari mmoja ambao ningependa uukariri leo hii, "Na mmetimilika katika yeye" (Kol 2:10). Mmetimilika, basi. Na Waebrania 7:25 inasema Yesu aweza kuwaokoa kabisa wao wamjiao Mungu kwa yeye.

Kuhusu kumpima, 1 Yohana 4:1 ni amri, "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho". Roho yule yule aliyevuvia huo mstari hawezi kukuhesabia kufuru ukiutii. Ile kufuru ya Mathayo 12 walioonywa ni watu walioona Yesu mwenyewe akitoa pepo waziwazi wakasema ni kwa Beelzebuli, haina uhusiano na mama wa nyumbani anayefungua Biblia yake usiku kuuliza je hili ni kweli.

---

MwombajiWaUsiku:

Amina mzee, ila naomba niweke jambo hapa tusije tukamwaga mtoto na maji ya kuogea. Mimi naamini unabii upo na kufunguliwa kupo, nimeona kwa macho yangu watu waliofungwa wakifunguliwa kwa jina la Yesu. Paulo huyo huyo anasema "msitweze unabii". Kuna makanisa yamechoshwa na manabii wa uongo mpaka yamefunga mlango kwa Roho kabisa, mtu akisema nimeota ndoto anaangaliwa kama mgonjwa, na hilo nalo ni hatari. Na mambo ya kwenye ukoo yapo, matambiko yapo, mtu aliyekabidhiwa kwa mizimu akiwa mtoto anahitaji kuombewa na kukataa hayo mambo kwa kinywa chake.

Swali langu kwenu, kama kila ufunuo tunasema ni udanganyifu, Mungu atasema na sisi kwa njia gani?

---

Mzee_wa_Beroya:

Ndugu Mwombaji nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa. Lakini malizia mstari, "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema". Vimewekwa pamoja. Na 1 Kor 14:29 manabii wanene wawili au watatu "na wengine wapambanue". Unabii wa kanisa la kwanza ulisemwa mbele za watu na watu wakaupima pale pale. Huyu amempigia mwanamke wa mtu kwa siri na kumkataza asimwambie mume wala mchungaji. Hapo ndipo mimi nasimama, hata kama asingeomba senti.

Na ya ukoo, mtu kukiri na kuzikana kazi za giza ni sawa kabisa, Waefeso walichoma vitabu vyao vya uganga hadharani (Matendo 19:19). Tofauti ni kwamba waliamini kwanza ndipo wakachoma, hawakuchoma ili wokovu wao ukamilike, na Paulo hakuwatoza.

---

Dada_Faraja:

Shalom dada Binti_Sayuni, pole sana mpenzi. Mimi nahudumu na akina mama kwenye kanisa letu na wengi wanaokuja wametoka kwenye magrupu ya namna hii kwahiyo ngoja nijibu lile la pili, alijuaje.

Kwanza kuna njia za kawaida kabisa. Ulivyojiunga ulijaza fomu? Uliandika hitaji la maombi? Wengi wanaandika "niombee mama yangu fulani anasumbuliwa na kitu fulani" alafu wanasahau, au aliandika ndugu yako, au kuna mtu kwenye grupu anakufahamu, au picha ya mama hospitali ipo kwenye ukurasa wako na watu wameandika pole chini yake. Sisemi ndivyo ilivyokua kwako, nasema usiruke hapo haraka.

Pili, tuseme kweli alijua kwa njia isiyo ya kawaida. Bado haithibitishi kitu. Soma Matendo 16, yule kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi alikua anamfuata Paulo akipiga kelele kwamba watu hawa ni watumishi wa Mungu aliye juu wanaowahubiria njia ya wokovu. Dada, alichosema kilikua KWELI kila neno! Na Paulo hakusema amina, alimkemea yule pepo akatoka. Na ona ni nani walikasirika, mabwana zake walioona tumaini la faida yao limepotea. Kumbukumbu la Torati 13 nayo inasema nabii akitoa ishara na ishara ikatokea kweli, alafu akawavuta mfuate miungu mingine, msimsikilize, Bwana anawajaribu ajue kama mnampenda kwa moyo wote. Kwahiyo kupatia sio kipimo. Kipimo ni anakupeleka wapi. Baada ya ile simu umekua karibu zaidi na Yesu au karibu zaidi na simu yako ukisubiri meseji ya mtumishi?

Mimi ninachokiona kwa hawa akina mama, na hili naliongea kwa uchungu, haijalishi ni nabii gani, kinaanza na kusifiwa, wewe una nyota ya tofauti, kanisani kwenu hawakuelewi. Ukishazoea kusifiwa na yeye unahamia kutishwa na yeye. Alafu unakatwa na watu wako. Wakati huo hela zinatoka lakini hela ndio kitu cha mwisho mtu kuja kukililia, wanachokililia ni kwamba hawajui tena kuomba wenyewe, mama mzima aliyekua anaomba masaa anakwambia dada niombee mimi Mungu hanisikii mpaka nipake mafuta. Warumi 8:15 inasema hatukupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, tulipokea roho ya kufanywa wana ambayo kwa hiyo twalia Aba, Baba. Ona hapo, kilio cha Aba kinatoka kwa Roho mwenyewe, hivyo sauti inayokuziba mdomo usiseme Baba haiwezi kuwa yake.

La jina sasa. Paulo alikua na mwenzake anaitwa Epafrodito, jina limetokana na Afrodito mungu mke wa Wayunani. Kulikua na Apolo, jina linalotokana na Apolo yule mungu wao. Kwenye Warumi 16 anamsalimia Herme, jina la mungu wao mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa jina lako lina agano badilisha. Epafrodito anaitwa "ndugu yangu, mtendakazi pamoja nami, askari mwenzangu". Danieli aliitwa Belteshaza, jina lililofuata jina la mungu wa mfalme wa Babeli (Dan 4:8), alipewa kwa lazima kwenye nyumba ya mfalme na bado simba hawakumla. Mungu alipobadilisha jina la Abramu alibadilisha mwenyewe, bure. Na ukitaka kubadilisha jina lako kwa sababu hulipendi badilisha tu, ila usiliogope.

---

Kijana_wa_Neno:

Mimi nachangia kidogo tu kwenye hela. Simoni kule Samaria alitaka kununua nguvu ya kuwawekea watu mikono, Petro akamwambia "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe". Elisha alikataa zawadi ya Naamani, Gehazi mtumishi wake akaifuata kwa siri akapata ukoma. Na kuna maandiko ya kanisa la zamani sana yanaitwa Didake, wataalamu wengi wanayaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, yanasema mtume anayepita akiomba fedha ni nabii wa uongo, na mtu akisema "katika roho" nipe fedha msimsikilize, isipokua kama anaomba kwa ajili ya wahitaji wengine. Yaani hata vizazi vya mwanzo kabisa vya kanisa walishaliona hili.

Mafuta je, Yakobo 5 ipo, wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta. Wazee wa kanisa lake, wanaomjua, hawauzi chupa. Nyoka wa shaba Mungu mwenyewe ndiye alimwagiza Musa amtengeneze na watu walipona, lakini mfalme Hezekia alikuja kumvunja vipande kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Kitu kilichokua halali kabisa.

---

Binti_Sayuni:

Asanteni sana wapendwa, nimesoma nikilia. Dada Faraja umenigusa, kweli kuna fomu ya mahitaji niliijaza na jina la mama lipo, nimeenda kuangalia.

Nimeshamwambia mume wangu. Alinyamaza kidogo alafu akaniuliza kwa nini nilibeba peke yangu, tukaomba pamoja.

Sasa nilimuandikia yule mtumishi kwa heshima kwamba naomba nimshirikishe mchungaji wangu kabla ya chochote. Akanijibu na mstari, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu", na kwamba waliompinga wengine walizikwa. Moyo umeshtuka tena. Huo mstari si upo kwenye Biblia?

---

Mzee_wa_Beroya:

Upo, Zaburi 105:15. Usome kuanzia mstari wa 8. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokua wachache na wageni wakitanga toka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme ambao wangeweza kuwadhuru, kama Farao na Abimeleki walivyomchukua Sara. Ni ahadi ya ulinzi kwa wasafiri wasio na mtetezi. Haikuandikwa kumlinda mtu asiulizwe swali na kondoo. Daudi kweli alikataa kumuua Sauli masihi wa Bwana, lakini alimkemea waziwazi na upindo wa vazi mkononi (1 Sam 24), Nathani akamkemea Daudi, Paulo akampinga Petro uso kwa uso kule Antiokia kwa sababu alikua na hatia (Gal 2:11). Hakuna aliyezikwa kwa kuuliza.

Tena Yohana anawaandikia waumini wa kawaida kabisa, "mafuta yale mliyoyapata kwake yanakaa ndani yenu" (1 Yoh 2:27), na anayaandika akizungumzia hasa watu wanaotaka kuwapoteza. Kwahiyo mpakwa mafuta kwenye hayo mazungumzo na wewe umo.

Na nikuongezee 1 Wafalme 13, hadithi inayonitisha kuliko zote kwenye jambo hili. Mtu wa Mungu toka Yuda aliagizwa asile mkate wala kunywa maji kule Betheli. Mfalme alimkaribisha, akakataa vizuri kabisa. Alafu akaja nabii mzee, akamwambia na mimi ni nabii kama wewe, malaika amesema na mimi, rudi ule kwangu. Biblia inasema wazi alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Kwa mfalme alisimama, kwa nabii mwenzake akaanguka, kwa sababu alikubali neno alilosema mtu limesemwa na malaika lifute neno alilopewa na Mungu mwenyewe. Kwahiyo alichokuambia Mungu wewe kupitia Injili, kwamba umesamehewa na wewe ni mtoto, hakuna simu ya mtu inayoweza kukifuta.

Hivyo vitisho vya kuzikwa, hiyo ni lugha ya mganga. Mchungaji mwema anautoa uhai wake kwa ajili ya kondoo.

---

MwombajiWaUsiku:

Dada hapo kwenye vitisho hata mimi niliyetetea unabii nasema toka. Nabii anayekutishia kifo kwa sababu umetaja mchungaji wako hana la kukwambia tena. Watu wamekufa kwa kuogopa kuuliza, Jonestown kule Guyana mwaka 1978 walikufa zaidi ya 900, na Shakahola kule Kenya mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioaminishwa kufunga hadi kufa. Waliongozwa na watu walioanza kama wahubiri. Nitakuombea usiku wa leo, na mama pia.

---

Binti_Sayuni:

Nimetoka kwenye grupu, nimefuta namba. Jumapili mimi na mume wangu tunaonana na mchungaji. Swali la mwisho, mdogo wangu wa kike nilimuingiza mimi kule na yeye ameshika sana, nikimgusia anasema nimerudi nyuma. Nifanyeje nisimpoteze?

---

Dada_Faraja:

Usianze na nabii wake. Ukimshambulia nabii atamtetea, na akimtetea atazidi kufungwa, hapo ndio alishaambiwa ndugu zako watakuja kukupinga na wewe utakua umetimiza unabii. Mpigie kama dada yake, muulize anaendeleaje, amelala, amekula. Usimkate kwenye familia hata kama ametoa hela zote, kwa sababu siku akiogopa lazima awe na namba ya kupiga.

Alafu muombe msome pamoja kitabu kimoja tu, Wagalatia, sura ni sita, mnaweza kusoma kwa simu sura moja kwa wiki. Usimfafanulie. Muulize maswali tu, hapa Paulo anasema mtu anakua mwana wa Mungu kwa njia gani? Hawa waliokuja kwa Wagalatia walikua wanataka nini? Mwache ajibu mwenyewe kwa Biblia yake. 3:26 ikimfikia, "kwa kuwa ninyi nyote mmekuwa wana wa Mungu kwa njia ya imani katika Kristo Yesu", na 4:17 ambapo Paulo anasema hawa wana wivu juu yenu lakini si kwa nia nzuri, wanataka kuwafungia nje ili mwaonee wao wivu, ataona sura anayoijua bila wewe kutaja jina la mtu.

Ikiwa anatumwa kukopa au kuuza kitu, au anafungishwa mpaka mwili unadhoofika, hapo usisubiri Wagalatia, waite wazazi na mchungaji muende kumuona. Na mama mpelekeni kwa daktari wake kama kawaida, asiachishwe dawa na mtu. Niandikie faragha baada ya Jumapili, tupange siku ya kumuombea mdogo wako kwa jina lake lile lile la nyumbani.